Kwaya ya Chuo Kidogo na Urithi Wake Vigangoni

Chuo kidogo cha Kikatoliki, yaani kile ambacho mkuu wake huwafahamu wanafunzi wengi kwa sura na si wachache kwa majina, hufanya kazi mbili kwa pamoja: darasani hufundisha ualimu, uuguzi, uhasibu au falsafa kwa kufuata mtaala unaokaguliwa na mamlaka za serikali, na nje ya darasa hulea watu kwa njia ya vyama, vikundi na kwaya ambazo hazimo katika mtaala huo wala hazimpatii mwanafunzi alama yoyote ya mtihani. Afrika Mashariki inavyo vyuo vingi vya namna hiyo. Tangaza ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1986 na mashirika ya kitawa yaliyotaka kuwasomesha watu wake pamoja, Chuo cha Jordan cha Morogoro kilitokana na taasisi ya falsafa na teolojia ya Wasalvatoriani, na Stella Maris ya Mtwara ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ambacho nacho kilianzia katika kituo cha mafunzo ya jamii huko Nyegezi, Mwanza. Mazungumzo haya yanahusu ile kazi ya pili, na hasa kwaya, kwa sababu katika chuo kwaya ndiyo inayosikika mbali kuliko chama kingine chochote, na ndiyo pia inayopimwa kwa kipimo kisichoifaa.

Uchache wa wanafunzi hubadili tabia ya vyama kuliko watu wengi wanavyodhani. Chuo kikuu chenye maelfu ya wanafunzi kinaweza kuchagua waimbaji, kikawaacha wasiojua na kuwachukua waliokwisha kufundwa huko walikotoka, ilhali chuo kidogo hakina anasa hiyo, na kwa hiyo hulazimika kumchukua yeyote aliyejitokeza, kumfundisha kuanzia mwanzo na kumpa kazi kabla hajaiva. Mwanafunzi yule yule huwa katibu wa kwaya, mweka hazina wa Legio ya Maria na mlinda mlango wa timu ya mpira, na akiugua wiki moja vyama vitatu hupwaya kwa siku moja. Hali hiyo inachosha, lakini ina faida ambayo chuo kikubwa hakiwezi kuinunua: hakuna nafasi ya mtazamaji, na asiyejua hana wa kumsukumia jukumu.

Vyama vyenyewe vina historia inayofaa kukumbukwa. Chama cha wanafunzi Wakatoliki wa vyuo nchini Tanzania, kinachojulikana kwa kifupi kama TMCS, pamoja na kile cha shule za sekondari kiitwacho TYCS, vinatembea katika njia iliyofunguliwa na Joseph Cardijn, padre wa Ubelgiji ambaye mwaka 1925 aliwakusanya vijana wafanyakazi katika chama kilichozaa vyama vingi duniani, kikiwemo kile ambacho Tanzania inakiita VIWAWA, yaani Vijana Wakatoliki Wafanyakazi. Cardijn alikuwa na mbinu ya hatua tatu, kuona, kuamua na kutenda, ambayo maana yake ni kwamba vijana huanza kwa kuitazama hali halisi iliyo mbele yao, kisha huipima kwa mwanga wa Injili, na mwisho hukubaliana juu ya jambo moja la kufanya, dogo kiasi cha kuweza kufanyika. Papa Yohane wa 23 aliipitisha mbinu hiyo katika waraka wake wa mwaka 1961 uitwao Mater et Magistra. Ubora wake uko katika ile hatua ya tatu, kwa kuwa mikutano ya wanafunzi, ya dini na isiyo ya dini, hupenda sana kuona na kuamua.

Legio ya Maria ni shule ya namna nyingine. Ilianzishwa Dublin, Ireland, mwezi Septemba 1921 na mtumishi wa serikali aliyeitwa Frank Duff, ikaletwa Afrika Mashariki mwaka 1936 na mwanamke mgonjwa wa kifua kikuu, Edel Quinn, aliyezunguka nchi hizi hadi alipofariki Nairobi mwaka 1944. (Msikilizaji wa Kenya asiichanganye na kanisa huru la Legio Maria lililochipuka huko magharibi mwa nchi yake katika miaka ya 1960, kwani hilo ni jambo jingine kabisa.) Kikundi chake cha msingi huitwa presidia, nacho hukutana kila wiki, na kanuni yake moja ina nguvu ya pekee katika malezi: kila mwanachama huwaeleza wenzake kwa kinywa chake alifanya nini wiki iliyopita, alimtembelea mgonjwa yupi na kwa muda gani, na kama hakufanya husema kwamba hakufanya. Kijana aliyezoea kutoa taarifa ya namna hiyo kwa miaka mitatu huwa ameandaliwa kwa kazi ya ofisi kwa namna ambayo somo la utawala haliwezi kumwandaa.

Vyama vya aina hii viliwahi kuzaa matunda makubwa hata mahali pasipokuwa chuo cha Kanisa. Makerere kilikuwa chuo cha serikali ya kikoloni, lakini hapo ndipo Julius Nyerere, aliyesoma huko kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, alipoendesha pamoja na wenzake shughuli za Wakatoliki wa chuoni, yakiwemo mafungo na hija za Namugongo, na hapo hapo, pamoja na Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, alipoanzisha chama cha ustawi cha wanafunzi wa Kitanganyika. Mwapachu alikuwa Mwislamu, na jambo hilo lilionekana la kawaida. Nyerere alitoka hapo akaenda kufundisha shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, iliyokuwa ya Mapadre Weupe, na baadaye Pugu, hadi mwaka 1955 siasa ilipomtoa darasani.

Pamoja na hayo yote, mfano bora wa kile ambacho kikundi cha muziki cha shule ndogo ya Kanisa kinaweza kufanya haupatikani Tanzania wala Kenya, bali Kongo, katika mji wa Kamina, Katanga, ambako Kiluba ni lugha ya nyumbani na Kiswahili kinawaunganisha watu wa makabila mengi walioletwa na reli na migodi. Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika huko mwaka 1953, akakuta vijana wanaoimba kwa namna yao wakiwa nje ya kanisa na kwa namna ya Ulaya wakiwa ndani yake, akaunda kwaya ya wavulana wapatao 45 wenye umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wapatao 15 waliopiga ngoma na kuimba sauti za chini, na kwa desturi ya wakati ule akaipa jina la Mfalme Baudouin wa Ubelgiji. Kikundi hicho ndicho kilichoizaa Missa Luba, misa ambayo maneno yake ni yale yale ya Kilatini na Kigiriki yaliyoimbwa kila mahali kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, lakini tuni, mapigo na mpangilio wa sauti zake vimechotwa katika nyimbo za Waluba na majirani zao.

Namna misa hiyo ilivyotungwa ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini. Hapakuwa na mtunzi aliyeketi mezani na karatasi, kwani waimbaji walichukua aina za nyimbo walizozijua tangu utotoni na kuzijaribu chini ya maneno ya misa, wakiongeza na kupunguza katika mazoezi, mpaka umbo likatulia bila kuandikwa. Sehemu ya Utuhurumie ilifuata kasala, yaani wimbo wa kumsifu na kumlilia marehemu, nayo sehemu ya Mtakatifu ilitokana na wimbo wa kuagana. Chaguo la kasala linaonyesha kwamba wanafunzi hao walielewa maana ya walichokuwa wakikiimba, kwa sababu kuomba huruma na kumlilia mtu mpendwa ni mambo yanayotoka katika pumzi moja, na hakuna kitabu cha liturujia kilichowaambia hivyo. Jina linalotajwa mara nyingi ni la padre, na kwa haki anastahili sifa ya kusikiliza na ya kuruhusu, lakini utunzi ulikuwa wa kwaya, na ni vizuri vyuo vinavyoiimba leo viseme hivyo.

Misa hiyo iliimbwa Kamina mwezi Machi 1958, kisha kwaya ikasafiri Ulaya kwa miezi kadhaa na kuimba katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels ya mwaka huo huo, na santuri zake zikasambaa hadi kwa watu wasiowahi kuingia kanisani. Miaka kumi baadaye mwongozaji wa Kiingereza Lindsay Anderson aliitumia sehemu ya Mtakatifu katika filamu iitwayo If...., inayohusu wanafunzi wanaoasi katika shule ya bweni, na filamu hiyo ikapata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1969. Kuna kichekesho kidogo katika ukweli kwamba sauti za wanafunzi watiifu wa misheni zilipata umaarufu zikisindikiza hadithi ya wanafunzi watukutu wa Uingereza.

Ili ujasiri wa Kamina ueleweke, ni lazima ikumbukwe sheria iliyokuwapo. Mwaka 1903, siku ya Mtakatifu Sesilia, Papa Pius wa 10 alitoa agizo juu ya muziki mtakatifu lililokataza piano kanisani pamoja na ala alizoziita za kelele, ngoma zikiwemo, na lililowaondoa wanawake katika kwaya kwa hoja kwamba mwanakwaya anatenda kazi ya kiliturujia. Kwa maneno mengine, kwaya nyingi za vyuo vya leo, zenye sauti ya kwanza ya wasichana na ngoma mbili mlangoni, zingekuwa zimevunja sheria mara mbili kabla ya kuanza wimbo wa mwanzo. Pius wa 12 alilegeza msimamo kwa nchi za misheni mwaka 1955, na tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Vatikano ulitamka katika hati yake juu ya liturujia kwamba muziki wa asili wa mataifa hayo upewe heshima na nafasi inayostahili katika ibada. Mwaka huo huo wa 1963 Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika, mtunzi wa Misa Baba Yetu, alichapisha huko Uswisi kitabu kilichochunguza sheria za Kanisa kuhusu muziki na jinsi zinavyouhusu muziki wa Kibantu. Kwa hiyo wimbo wa Kiswahili wenye mapigo ya nyumbani, ambao mwanafunzi wa leo anauona kuwa wa siku zote, una umri usiozidi sana ule wa babu yake.

Kutoka hapo inafaa kuitazama kwaya ya chuo inavyofanya kazi kwa kawaida. Hiyo ni kwaya ya sauti nne: sauti ya kwanza na ya pili kwa wanawake, teno na besi kwa wanaume, na katika chuo kidogo besi huwa ndiyo yenye upungufu wa kudumu. Nyimbo zimeandikwa kwa nota za mistari mitano, au kwa mfumo wa silabi za do, re, mi, ambao Sarah Glover aliubuni kwa ajili ya watoto wa shule huko Uingereza na John Curwen akaueneza katika karne ya 19, lakini wanakwaya wengi hawasomi mfumo wowote kati ya hiyo, hivyo mwalimu wa kwaya, ambaye mara nyingi naye ni mwanafunzi, huwaimbia kila sauti kipande kwa kipande mpaka wakariri. Kwaya huandaa wimbo wa mwanzo, zaburi ya katikati, shangilio la Injili, matoleo, komunyo, shukrani na mwisho, na kwa kufanya hivyo kila Dominika wanakwaya hujifunza kalenda ya Kanisa bila kufundishwa, kwani katika Kwaresima Utukufu na Aleluya huondolewa, na katika Majilio nyimbo hubadilika zikawa za kungojea.

Tofauti kubwa kati ya kwaya hiyo na ya parokia iko katika muda. Kwaya ya parokia ina wazee waliokaa humo miaka ishirini na wanaojua wimbo gani uliimbwa alipokuja askofu mara ya mwisho, wakati kwaya ya chuo chenye shahada ya miaka mitatu hubadilisha watu wake wote kila baada ya miaka mitatu, bila kubakiza hata mmoja. Wanafunzi wapya wa vyuo vya Tanzania huingia karibu na Oktoba na Novemba, wakiwa hawajui hata bweni liko wapi, na wiki chache baadaye wanatakiwa kuimba Majilio, nao wa mwaka wa tatu huondoka na ujuzi wote vichwani mwao. Kumbukumbu ya kwaya ya namna hiyo inakaa katika kabati la kopi, yaani zile karatasi za nyimbo zilizorudufiwa, na mahali ambapo kabati hilo halina orodha wala ufunguo kwaya huanza upya kila mwaka, ikirudia nyimbo zile zile kumi na mbili ambazo kila mtu alikuja nazo kutoka kwao. Mkutubi wa kwaya hana sare ya pekee wala kipaza sauti, lakini akikosekana yeye hasara yake ni kubwa kuliko ya mwimbaji mahiri kuondoka.

Hapa ndipo ile hoja ya kipimo inapohusika. Siku hizi kwaya ya chuo hupimwa kwa video iliyorekodiwa, kwa idadi ya sare na kwa ukubwa wa kinanda cha umeme, na viongozi wa kwaya hutumia muhula mzima kukusanya michango ya mambo hayo matatu. Video si dhambi, na sare huondoa tofauti kati ya aliye nacho na asiye nacho, lakini kinanda chenye mapigo yaliyokwisha kupangwa kiwandani kina madhara yanayoonekana: mpiga ngoma hukaa bila kazi, kayamba hubaki stoo, na nyimbo za Kisukuma, Kinyakyusa na Kimakonde hujikuta zote zikienda kwa mwendo mmoja uliobuniwa na mtu asiyezijua. Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement wa Mapadre Weupe alitumia ngoma za Wasukuma katika ibada na sherehe tangu miaka ya 1950, akaanzisha makumbusho yao, na hata leo ngoma za tamasha la Bulabo zinachezwa karibu na sikukuu ya Ekaristi. Chuo kilicho mahali penye hazina kama hiyo kikinunua mapigo ya kiwandani kimefanya biashara mbaya.

Kipimo cha kweli kiko mbali na chuo. Mwalimu aliyehitimu hupangiwa shule kijijini, na karibu na shule hiyo kuna kigango, yaani kituo cha waamini kilicho chini ya parokia, kinachoongozwa na katekista na kutembelewa na padre mara chache, ambako watu wanaimba kwa moyo lakini hakuna aliyewahi kuwagawia sauti. Ikiwa mhitimu huyo chuoni alikaririshwa tu sehemu yake ya teno, hana cha kuwapa. Ikiwa alifundishwa kusoma nota, kuanzisha wimbo bila kinanda, kuongoza mazoezi ya watu wasioelewana na kuandika taarifa ya mapato ya kwaya, kigango hicho kitakuwa na kwaya ndani ya mwaka mmoja, na watoto wake watafika sekondari wakijua kuimba. Kwaya ya chuo iliyotoa watu kumi wa namna hiyo katika miaka mitatu imefaulu hata kama haikurekodi wimbo wowote, na iliyotoa video tano bila kumtoa mtu mmoja wa kuongoza kwaya imeshindwa.

Suala la wanafunzi wa dini na madhehebu mengine haliwezi kuachwa, kwa sababu vyuo hivi huwapokea wote, na wapo Walutheri na Waanglikana waliotoka katika umoja wao wa wanafunzi, UKWATA, Wapentekoste wa chama chao cha CASFETA na Waislamu pia. Kwaya ya misa ni sehemu ya ibada ya Wakatoliki, na kumlazimisha asiyeamini kuimba Nasadiki si haki kwake wala kwa wimbo wenyewe. Jibu la busara ni chuo kuwa na kikundi cha pili, cha ngoma, maigizo au bendi, kisicho cha ibada, kinachotumbuiza kwenye mahafali na kumkaribisha kila mwanafunzi, na kikundi hicho kipewe mlezi na bajeti yake badala ya kuazimishwa ngoma za kanisa siku za sherehe. Vilabu vya mdahalo, mazingira na afya havina ugumu huo.

Gharama ya kuyarekebisha haya si kubwa. Chuo kinaweza kumlipa mwalimu mmoja wa muziki kwa saa chache za wiki ili nota zifundishwe kwa utaratibu, kumkabidhi mkutubi wa kwaya chumba chenye kufuli, na kuwadai wanafunzi wa mwaka wa tatu wamwandae mrithi wao kabla ya Pasaka, muda ambao mitihani bado haijawameza. Mapadre walezi nao wangefanya vizuri kuitenga siku ya Mtakatifu Sesilia, tarehe 22 Novemba, ambaye ndiye somo wa wanamuziki, kwa ajili ya kwaya kwenda kuimba na kufundisha katika kigango kimoja cha jirani badala ya kufanya tamasha ukumbini. Na msikilizaji ambaye kigango chake kimempokea mwalimu mpya mwaka huu asingoje ajitokeze mwenyewe: amuulize kama aliimba chuoni, na akijibu ndiyo, amkutanishe na katekista Dominika hii hii, kwa maana Majilio hayako mbali na besi bado haijapatikana.